Kifungua mimba, kitinda mimba, na umri uliovuka 35

Benchi la kliniki ya wajawazito halichagui umri. Saa mbili asubuhi, binti wa miaka 19 mwenye kadi mpya kabisa anakaa bega kwa bega na wanawake wawili ambao angeweza kuwaita mama. Mmoja ana miaka 38, mwalimu wa sekondari, ameolewa akiwa na 36, na hii ndiyo mimba yake ya kwanza. Huyo anabeba kifungua mimba. Wa pili ana 42, anauza samaki sokoni, ana watoto sita na mjukuu mmoja, na anaapa mbele ya kila anayemsikiliza kwamba huyu aliye tumboni ni kitinda mimba. Mwalimu amekuja mimba ikiwa na wiki tisa, maswali yake ameyaandika kwenye karatasi. Muuza samaki amekuja mimba ina miezi sita, na shida yake hasa ni kupata kadi, basi.

Wawili hawa ni wa kubuni, lakini hakuna muuguzi wa kliniki asiyewajua.

Ukiwauliza watu mtaani nani kati yao aangaliwe kwa karibu zaidi, wengi watamtaja mwalimu. Ndiye aliyechelewa, ndiye anayesemwa na mawifi. Kumbe mkunga mwenye uzoefu hatampa kisogo muuza samaki hata dakika moja. Kizazi kilichokwisha kubeba mimba sita huwa kizito kujikaza baada ya mtoto kutoka, na kisipojikaza mishipa hubaki wazi, damu ikamwagika. Tena hajapimwa presha tangu alipozaa mara ya mwisho, na kwa kuwa amejifungua salama mara sita anaamini ya saba itajiendea yenyewe. Kadi ya kliniki ya Tanzania haimsahau yeyote kati yao: miongoni mwa vidokezo vya hatari vilivyochapwa humo ni mimba ya kwanza katika umri mkubwa, na pia mimba ya tano na kuendelea.

Hiyo namba 35, inayowatia watu kiwewe, haina maajabu. Ilipata nguvu miaka ya 1970, madaktari walipoanza kuchota kwa sindano maji yanayomzunguka mtoto ili wachunguze kromosomu zake. Sindano yenyewe iliweza kuharibu mimba. Wakapiga hesabu, wakaona kwamba katika umri wa karibu miaka 35 uwezekano wa kumkuta mtoto mwenye hitilafu ya kromosomu unakaribia kulingana na hatari ya sindano. Ulikuwa mpaka wa mahesabu. Mwili wa mwanamke haubadiliki usiku wa kuamkia siku yake ya kuzaliwa. Mambo hupanda polepole tangu miaka ya thelathini, kisha yakafika 40 yakaongeza mwendo.

Kinachopanda kwanza ni uzee wa yai. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni moja na mbili, na anapovunja ungo yamebaki kama laki tatu au nne. Yai linalopevuka akiwa na miaka 42 limekuwamo mwilini mwake kwa miaka yote hiyo, na ule utaratibu wa kugawa kromosomu sawasawa umeanza kulegea. Mengi ya mayai yaliyogawanyika vibaya huishia kwenye mimba zinazotoka mapema. Uchunguzi mkubwa wa kumbukumbu za wajawazito wa Norway, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba kwa wanawake wa miaka 25 hadi 29 mimba moja kati ya kumi ilitoka; kwa waliofikisha 45 ilikuwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo mimba ya mama wa miaka 43 ikitoka ikiwa na wiki nane, usimtafute jirani mwenye kijicho wala usimlaumu mama kwa ndoo aliyonyanyua.

Mimba nyingine hazitoki. Uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down ni kama 1 kati ya 1,250 mama akiwa na miaka 25, 1 kati ya 350 akiwa na 35, 1 kati ya 100 akiwa na 40, na 1 kati ya 30 akiwa na 45. Namba hizi zisomwe pande zote mbili: katika wanawake mia moja wa miaka 40, tisini na tisa hawatapata mtoto huyo. Na kwa kuwa wasichana ndio wanaozaa zaidi, watoto wengi wenye Down huzaliwa na mama ambao hawajafika hata 35. Karibu nusu ya watoto hao huja na tundu au hitilafu nyingine ya moyo, kwa hiyo kipimo cha moyo baada ya kuzaliwa ni cha lazima. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hufanya upasuaji wa mioyo ya watoto, na aliyegundulika mapema ana nafasi nzuri kuliko aliyesubiri mpaka midomo imegeuka bluu.

Novemba 2023 magazeti yalijaa habari ya mwanamke wa miaka 70 aliyejifungua mapacha Kampala. Wengi walisoma kichwa cha habari wakaishia hapo. Chini yake iliandikwa kwamba mimba ilitungishwa maabara, na yai lilitoka kwa mwanamke mwingine. Kizazi kikitunzwa na homoni kinaweza kubeba hata uzeeni. Yai ndilo linaloyoyoma. Basi ukiona mcheza filamu wa Marekani amezaa akiwa na miaka hamsini, usiyapange maisha yako kwa picha hiyo. Yai lilitoka wapi? Hilo gazeti halimuulizi.

Na wanaume nao wasijiweke pembeni wakichekelea. Mbegu zao hutengenezwa upya kila siku, lakini kwa kunakiliwa, na kila nakala ina makosa yake. Watafiti wa Iceland walionyesha mwaka 2012 kwamba kila mwaka unaoongezeka kwa baba humpa mtoto mabadiliko mapya ya vinasaba kama mawili hivi. Si jambo la kumnyima baba wa miaka hamsini usingizi, ila limkumbushe kwamba swali la umri halimhusu mkewe peke yake.

Sasa kazi yenyewe. Kama mimba bado iko kwenye mipango, nenda hospitali kabla haijaingia. Katika umri huu wa kuvuka 35 mwanamke anaweza kuwa tayari ana presha au sukari, na pengine anatumia dawa asiyoifikiria tena kwa kuwa imekuwa kama chai ya asubuhi. Hapo pana mtego. Losartan, enalapril, captopril na lisinopril hushusha presha vizuri, lakini huweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni. Daktari atakuhamishia kwenye methyldopa, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Aldomet, au nifedipine, au labetalol. Usiziache mwenyewe kimyakimya. Presha isiyotibiwa nayo huua. Anza pia asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku. Usisubiri kadi ya kliniki, kwa sababu mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa, na wakati huo akina mama wengi hata hawajajua.

Wengine hukaa bila kujua kwa muda mrefu zaidi. Hedhi ikikatika ukiwa na miaka 44, akili hukimbilia kwenye ukomo wa hedhi: joto la ghafla, uchovu, mwezi umeruka, basi ndiyo hiyo. Miezi mitano baadaye tumbo linacheza. Kipimo cha mkojo kinauzwa duka lolote la dawa kwa bei ya chini kuliko kilo ya nyama. Pima kwanza, uzee uje baadaye.

Ile desturi ya kuificha mimba mpaka miezi mitatu ipite, kwa kuogopa macho ya watu, haina ubaya kwa majirani. Kwa mkunga ni hasara. Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio manane, la kwanza kabla ya wiki 12, na kwa aliyevuka 35 hilo la kwanza ndilo lenye faida kuliko yote. Hapo ndipo mimba inapimwa umri wake kwa altrasaundi, wakati kosa la tarehe ni la siku chache tu. Ukija na miezi sita, kosa linaweza kuwa la wiki mbili au tatu. Mwishoni mwa safari utaona kwa nini hilo si jambo dogo.

Ukitaka kubaki na jambo moja tu kutoka kwenye ukurasa huu, libaki la presha. Kifafa cha mimba kinawapata hata wasichana, lakini baada ya miaka 40 uwezekano unapanda, na unapanda zaidi kwa aliye na mimba ya kwanza, aliyekaa zaidi ya miaka kumi tangu mimba iliyopita, mwenye mwili mkubwa, mwenye mapacha, au ambaye mama yake au dada yake aliwahi kukipata. Hesabu vyako. Mwalimu wetu wa miaka 38 ana kimoja cha uhakika, na pengine viwili. Muuza samaki yumo tayari kwa umri wake, na akiwa na mapacha (na ajabu ni kwamba umri wenyewe huongeza mapacha, maana homoni ya kupevusha mayai hupanda na mwili ukaachia mawili kwa mpigo) anaongeza kingine kwenye orodha.

Upimaji wenyewe una adabu yake, na mara nyingi hauzingatiwi. Ukifika umetembea kwa mguu kutoka stendi, pumzika dakika tano kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili chini, usikunje nne. Kojoa kabla ya kupimwa. Mkono ulazwe mezani, usawa wa moyo, na ule mkanda wa mashine ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta. Mkono ukiwa mnene na mkanda ukawa mdogo, mashine itasoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo uliza kama upo mkubwa. Nyamaza wakati inasoma, hata kama jirani yako wa benchi ana umbea mtamu. Kisha uliza namba na uiandike mwenyewe. "Iko sawa, mama" si jibu. Ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, mkojo upimwe protini siku hiyohiyo. Ikifika 160 kwa 110 hurudi nyumbani, ni kulazwa.

Kwa wenye hatari kubwa kuna kinga, tena ya bei ndogo. Aspirini ya miligramu 75 kwa siku, ikianzwa kuanzia wiki ya 12 na kabla ya wiki ya 20, hupunguza kifafa cha mimba, hasa kile kinachokuja mapema na kumlazimisha mtoto kuzaliwa njiti. Daktari ndiye wa kuiandika, maana wenye vidonda vya tumbo na wengine kadhaa haiwafai. Ya pili ni madini ya chokaa, yaani kalsiamu. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na India, ukachapishwa Januari 2024, uliwahusisha wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza kila upande, na ulionyesha kwamba miligramu 500 kwa siku zinakinga kifafa cha mimba sawa na 1,500. Vidonge vichache, gharama chini. Dagaa wanaoliwa na miiba yao wana kalsiamu nyingi, na kwa hilo muuza samaki amemzidi mwalimu bila kujua.

Kichwa kinachouma mfululizo na hakisikii panadol, macho kuona maluweluwe, maumivu ya chembe ya moyo, uso na mikono kuvimba ghafla: hizo si dalili za kulala nazo. Wala si mapepo. Mama akianguka na kutetemeka, anayemtafuta mganga anapoteza saa ambayo sindano ya magneziamu ingeokoa uhai. Dawa hiyo ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 10,000, na matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba hupunguza degedege kwa nusu.

Sukari haina kelele kama presha. Ipimwe kati ya wiki ya 24 na 28, na kwa mnene au mwenye ndugu wa kisukari ipimwe mapema zaidi. Kupima mkojo peke yake hakutoshi. Kipimo cha kweli ni kunywa gramu 75 za glukosi ukiwa na njaa, damu ikichukuliwa kabla, baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Mipaka yake kwa mfuatano huo ni 5.1, 10.0 na 8.5 (milimoli kwa lita), na ukifikia mmoja tu unatosha. Kinachofuata mara nyingi ni sahani, si sindano: mboga nusu, ugali au wali robo, soda ipumzike.

Kati ya wiki 18 na 22 omba altrasaundi ya kuangalia viungo vya mtoto. Ukiwa na mshono wa operesheni, ongeza swali hili kwa mpimaji: kondo limekaa wapi? Kondo la nyuma likitangulia, likakaa juu ya kovu la zamani, linaweza kuota mizizi kwenye ukuta wa kizazi lisitoke tena. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2006, kati ya wanawake ambao kondo lilitangulia, waliokuwa kwenye operesheni ya pili walipata tatizo hilo asilimia 11, na wa operesheni ya tatu asilimia 40. Mama wa namna hiyo asijifungulie pasipo na damu ya akiba na daktari bingwa.

Vivyo hivyo muuza samaki. Alizoea zahanati ya jirani, na mkunga wake anamjua kwa jina, lakini mimba ya saba katika miaka 42 inahitaji mahali penye chumba cha upasuaji na benki ya damu. Ajue kundi lake la damu, na ndugu wawili wawe tayari kuchangia. Kuna habari njema upande huu. Katika utafiti wa hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliotoka mwaka 2023, wakunga waliweka chini ya mama shuka la plastiki lenye mfuko wa vipimo badala ya kukisia damu kwa macho. Walipoona imezidi walimpa tiba zote kwa pamoja: kusugua kizazi, oksitosini, dawa ya kugandisha damu, dripu na ukaguzi. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Muulize mkunga wako damu inapimwaje pale kwake. Ni swali halali. Na kwa Tanzania, weka kwenye simu namba 115 ya m-mama, inayopigwa bure kuita usafiri wa dharura wa mjamzito au mama aliyejifungua.

Hapa ndipo ile tarehe ya altrasaundi inaporudi. Mtoto wa mama aliyevuka 40 hapaswi kusubirishwa sana tumboni. Madaktari wa uzazi wa Uingereza waliandika mwaka 2013 kwamba hatari ya mtoto kufia tumboni kwa mama huyo katika wiki ya 39 inafanana na ya mama wa miaka 25 hadi 29 katika wiki ya 41. Ndiyo sababu wengi hupendekeza uchungu uanzishwe wiki ya 39 au 40. Wenye hofu kwamba kuanzishiwa kunampeleka mama kisuni moja kwa moja wana jibu: katika utafiti wa Uingereza uliowahusu wanawake 619 wa mimba ya kwanza, wenye miaka 35 na zaidi, waliofanyiwa operesheni walikuwa karibu sawa pande zote, asilimia 32 kwa 33. Mpaka siku hiyo, mtoto akipunguza kucheza, usimngoje mpaka kesho.

Mtoto akishatoka, nyumba nzima humgeukia yeye. Mama asisahauliwe. Septemba 2017 mcheza tenisi Serena Williams, akiwa na miaka 35, alijifungua kwa operesheni. Siku iliyofuata pumzi ikaanza kumkata. Alikuwa na historia ya damu kuganda, akamwambia muuguzi anataka picha ya mapafu na dawa ya kuyeyusha damu. Muuguzi alidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Yeye akang'ang'ania, picha ikapigwa, na mabonge ya damu yakaonekana mapafuni. Umri zaidi ya 35, operesheni, uzito na kulala muda mrefu huenda pamoja kwenye hatari hiyo, nayo inadumu takribani wiki sita. Siku arobaini za kukaa ndani zina heshima yake, uji wa pilipili manga na mapumziko, lakini kukaa ndani kusiwe kulala: mama atembee ukumbini, anywe maji, na mguu mmoja ukivimba na kuuma arudi hospitali. Presha nayo ipimwe ndani ya siku tatu, kisha ndani ya wiki mbili, maana kifafa kinaweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa. Aliyekuwa na sukari ya mimba apimwe tena kuanzia wiki ya sita.

Limebaki la muuza samaki na kiapo chake. Mitaa imejaa watoto walioitwa kitinda mimba mpaka mdogo wao alipozaliwa. Kama kweli amefunga hesabu, azungumze na mkunga kabla hajatoka wodini: kitanzi kinaweza kuwekwa mara baada ya kondo kutoka, na kufunga kizazi kunaweza kufanyika siku hizohizo. Asitegemee hedhi kukatika. Akiwa chini ya miaka 50, ahesabu miaka miwili kamili bila hedhi ndipo aache kinga. Akivuka 50, mwaka mmoja unatosha.